Ungwana Ulioandikwa: Kuifuata Familia ya Paston katika Hati za Ardhi na Mahakama

Utangulizi

Muhula uliopita, katika darasa letu la tafsiri, tulikwama kwenye neno moja. Wanafunzi walikuwa wakitafsiri kifungu kifupi cha historia ya Uingereza, na ndani yake mlikuwa na neno "gentry". Mwanafunzi mmoja aliandika makabaila. Mwingine aliandika mabwanyenye. Wa tatu, binti aliyekuwa amekaa nyuma, aliandika waungwana, kisha akaomba radhi akisema kwamba labda neno hilo ni la adabu tu, wala si la historia. Tulibishana mpaka kipindi kikaisha, na niliwaahidi kwamba nitalijibu swali hilo kwa maandishi. Makala haya ndiyo malipo ya ahadi hiyo.

Kabaila kwetu ni mwenye ardhi anayewanyonya wanaoilima, na neno hilo limebeba harufu ya siasa za miaka ya 1960 na 1970. Bwanyenye ni mtu wa mali, hasa wa mjini. Watu tuliokuwa tukiwatafutia jina hawakuwa hasa hao wala hao. Walikuwa chini ya watawala wakubwa wa majimbo na juu ya wakulima. Waliishi kwa mapato ya ardhi bila kushika jembe kwa mikono yao, walikuwa na nembo ya ukoo, na ndio waliokuwa wakiteuliwa kuwa mahakimu wa wilaya na kuchaguliwa kuwa wabunge. Je, waungwana ni neno linalowafaa? Ili kujibu, tuifuate familia moja, hati baada ya hati. Familia hiyo ni ya Paston, kutoka Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na karne inayotuhusu zaidi ni ya 15.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zimehifadhiwa barua na hati zake zaidi ya 1,000, jambo ambalo ni nadra kwa familia ya wakati ule. Pili, hati hizo zinapingana. Moja inasema Wapaston walikuwa mabwana wa ardhi tangu kale. Nyingine inasema babu yao alikwenda kinuni juu ya farasi asiye na tandiko, ameukalia mzigo wake wa nafaka. Hoja yangu ni kwamba katika ulimwengu ule ungwana ulikuwa jambo la kuthibitishwa kwa maandishi mbele ya wakubwa, na aliyeshindwa kuuthibitisha aliweza kupoteza kila kitu.

Hati zenyewe ni zipi?

Anayetafuta familia ya namna hii hukutana na mafungu kadhaa ya kumbukumbu, na ni vyema tuyajue kabla ya kusonga mbele.

La kwanza ni magombo ya mabaraza ya milki. Kila milki kubwa ya ardhi ilikuwa na baraza lake dogo. Mkulima alipokufa, mrithi wake alikuja barazani, akalipa ada, akapokewa kuwa mshika shamba. Karani aliyaandika hayo yote kwa Kilatini juu ya ngozi ndefu iliyokunjwa kama mkeka. Baadaye mkulima alipewa nakala ya maandishi hayo, ikawa ndiyo hati yake. Mfumo huo wa kushika ardhi kwa nakala ya gombo ulidumu hadi tarehe 1 Januari 1926 ulipofutwa kwa sheria.

La pili ni yale yanayoitwa "miguu" ya mapatano. Mtu aliponunua ardhi, yeye na muuzaji walijifanya kuwa na kesi mahakamani, kisha wakapatana mbele ya majaji. Mapatano yaliandikwa mara tatu juu ya ngozi moja, ikakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kila upande ulichukua kipande chake, na kile cha chini, yaani mguu, kilibaki mahakamani. Akitokea mtu na hati ya kughushi, kipande chake hakikuweza kukaa sawasawa na mawimbi ya mguu. Utaratibu wa kuhifadhi miguu hiyo ulianza mwaka 1195 ukaendelea hadi karne ya 19. Leo miguu hiyo imo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London.

La tatu ni uchunguzi wa baada ya kifo, ambapo wazee wa jirani waliapishwa kueleza marehemu aliyepewa ardhi na mfalme aliacha nini, na mrithi wake ni nani na ana umri gani. La nne ni wasia, ambao ulisimamiwa na mahakama za kanisa. La tano ni maombi yaliyopelekwa kwa mfalme, kwa Bunge au kwa Chansela na watu waliodai kwamba sheria ya kawaida imeshindwa kuwasaidia.

Jambo moja laonekana mara moja. Karibu kila fungu limezaliwa na mgogoro au na hofu ya mgogoro. Familia iliyoishi kwa amani, bila kununua, bila kushtaki na bila kushtakiwa, haikuacha nyayo nyingi. Wapaston waliacha nyayo nyingi mno.

Karatasi ya adui

Hadithi yao inaanzia kijijini Paston, karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Norfolk. Clement Paston alifariki mwaka 1419. Habari zake nyingi tunazipata katika karatasi moja isiyo na jina la mwandishi, iliyoandikwa na mtu aliyeichukia familia hiyo. Kichwa chake kinajidai kusifu ukoo wenye heshima, lakini kila mstari unaushusha.

Karatasi hiyo yaeleza kwamba Clement alikuwa mkulima wa kawaida, mtu mwema, aliyelima kwa plau yake mwenyewe masika na kiangazi. Alipeleka nafaka kinuni akiwa ameikalia, na akarudi ameukalia unga. Aliendesha mkokoteni wake mwenyewe kwenda kuuza mazao. Hakuwa na milki, ila ekari 100 au 120 hivi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya kitwana chini ya milki ya Gimingham, pamoja na kinu kidogo cha maji. Mkewe, kwa mujibu wa karatasi hiyo, alikuwa mtwana. Mwanawe William alisomeshwa kwa pesa za kukopa, na aliyemsaidia kuingia katika masomo ya sheria ni mjomba wake, Geoffrey Somerton.

Hapa tusimame kidogo kwenye neno utwana. Mtwana wa Uingereza hakuuzwa sokoni kama mtumwa wa Zanzibar au wa Marekani. Alifungwa na bwana wake na ardhi ya bwana huyo. Hakuweza kumshtaki bwana wake juu ya ardhi, na ardhi aliyojinunulia mwenyewe bwana aliweza kuitwaa. Lakini sheria ilitofautisha ardhi ya kitwana na mtu mtwana. Mtu huru aliweza kukodi kipande cha ardhi ya kitwana akabaki huru. Tena hadhi ya mtoto wa ndoa ilifuata ya baba, si ya mama. Kwa hiyo, hata kama kila neno la karatasi hiyo ni kweli, halimfanyi William kuwa mtwana. Linamwacha msomaji na shaka tu, na huenda shaka ndiyo iliyokuwa shabaha ya mwandishi.

Je, tuiamini? Wanahistoria wengi wanaona kwamba kiini chake kina uzito, hasa kwa sababu mambo yake ni madogo na ya kawaida: kinu, plau, mkokoteni, mikopo ya ada. Hata hivyo, aliyeyaandika alikuwa na shoka la kunoa. Siku zote tumuulize shahidi anapata faida gani.

Jaji na ardhi yake

Huyo William, aliyezaliwa mwaka 1378, alisoma sheria, akapanda ngazi, na mwaka 1429 akateuliwa kuwa jaji wa mahakama kuu iliyoshughulikia kesi za raia. Hapo ndipo hati za ardhi zinapoanza kujaa jina la Paston. Mwaka 1420 alimwoa Agnes Berry, binti wa familia yenye hadhi, aliyemletea ardhi. Mwaka 1427 alinunua milki ya Gresham kutoka kwa Thomas Chaucer, mtoto wa yule mshairi Geoffrey Chaucer. Kijijini kwao alikusanya kipande baada ya kipande, na maadui wakalalamika kwamba anajitengenezea ubwana mahali ambapo haukuwapo.

Wanakijiji hawakumpenda sana. Mwaka 1443 alipata kibali cha mfalme cha kuhamisha njia iliyopita kando ya nyumba yake. Alifariki mwaka uliofuata, na mjane wake alipojenga ukuta mahali pa njia ya zamani, watu waliubomoa. Ukiisoma hati ya kibali peke yake, utaona fadhila ya mfalme kwa jaji wake. Ukizisoma na barua za Agnes, utaona kijiji kizima kikinuna.

Mwaka 1445 Agnes alimwandikia mwanawe Edmund, aliyekuwa akisoma London, akimkumbusha shauri la marehemu baba yake: asome sheria, kwa maana yeyote atakayekaa Paston atahitaji kujua kujitetea. Jaji mwenyewe alijua kwamba ardhi aliyoipata kwa kalamu ingehitaji kulindwa kwa kalamu.

Gresham: kesi na nguvu

Mtihani wa kwanza haukukawia. Tarehe 17 Februari 1448, Robert Hungerford, aliyejulikana kama Lord Moleyns kwa haki ya mkewe, aliitwaa Gresham akidai kwamba ilikuwa ya ukoo wa mkewe tangu zamani. John Paston, mwana mkubwa wa jaji, alijaribu kupatana naye kwa maneno, akashindwa. Mkewe Margaret alikwenda kukaa huko, na katika barua yake moja ya mwaka 1448 alimwomba mumewe amnunulie pinde za kijeshi, na papo hapo lozi na sukari na kitambaa cha nguo za watoto. Mwalimu wa fasihi akitaka kuonyesha jinsi vita na maisha ya nyumbani vinavyokaa katika sentensi jirani, mfano huo unamtosha.

Tarehe 28 Januari 1450 watu wa Moleyns waliivamia nyumba. Katika ombi lake kwa Bunge, John alisema wavamizi walikuwa kama 1,000, kwamba ndani alikuwamo Margaret na watu 12 tu, kwamba ukuta wa chumba chake ulichimbwa chini, naye akabebwa hadi nje ya lango, na mali ya thamani ya pauni 200 ikaporwa. Je, walikuwa 1,000 kweli? Ombi ni utanzu wenye kanuni zake. Mlalamikaji hujidogosha na kumkuza adui, naye huchagua tarakimu nzima zinazokaa vizuri masikioni. Tunaweza kuamini kwamba nyumba ilivunjwa na kwamba Margaret alitolewa kwa nguvu. Idadi tuiache kama sehemu ya balagha.

Kuna funzo jingine kali zaidi. Mwaka 1451 shauri la Moleyns lilifikishwa mbele ya majaji wa mfalme Norfolk. Katika barua moja, mtumishi wa Paston anamwarifu bwana wake kwamba sherifu amekiri kupokea maandishi ya mfalme yanayomtaka apange wazee wa baraza watakaomwachia Moleyns huru. Gombo la mahakama halina mahali pa kuandika jambo la namna hiyo. Mtu anayesoma magombo peke yake ataona mshtakiwa asiye na hatia.

Wasia wa mdomo na shitaka la utwana

Hatari kubwa zaidi ilikuja pamoja na bahati kubwa zaidi. Sir John Fastolf, askari tajiri aliyepigana Ufaransa, hakuwa na mtoto. Alifariki tarehe 5 Novemba 1459 katika ngome yake ya Caister, karibu na mji wa Yarmouth. John Paston, aliyekuwa mshauri wake wa sheria, alitokea na wasia uliosemekana kutamkwa kwa mdomo siku mbili kabla ya kifo. Kwa wasia huo, Paston angepata ardhi zote za Fastolf za Norfolk na Suffolk, kwa sharti la kulipa fedha na kuanzisha nyumba ya watawa hapo Caister.

Wasimamizi wengine wa mirathi walipinga. Kesi ilikwenda katika mahakama ya kanisa, na ushahidi wake ulichukuliwa kati ya 1464 na 1466. Shahidi wa upande mmoja anasikia maneno ya mgonjwa waziwazi. Shahidi wa upande wa pili anasema kwamba wanaodai kuyasikia si watu wa kuaminika. Watu wa Pwani wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Fastolf alikuwa na madaftari mengi kuliko watu wengi wa enzi zake, na bado mali yake ilisambaratika kwa sababu ya maneno ya siku moja.

Waliomwonea wivu Paston walitafuta mahali laini pa kumchoma, wakapapata. Mwaka 1465 Duke wa Suffolk alizishambulia mali zake huko Hellesdon na kubomoa nyumba. John mwenyewe alikuwa amefungwa London katika gereza la Fleet, na likaja shitaka kwamba yeye ni mtwana wa mfalme. Tukumbuke maana yake kisheria. Ingethibitika, ardhi yote aliyonunua jaji, mahari ya Agnes na ya Margaret, Caister na kila kijiko cha nyumbani vingeweza kutwaliwa. Neno moja tu lingebomoa kazi ya vizazi viwili. John alifariki Mei 1466 kabla suala hilo halijakwisha.

Julai mwaka huo huo wanawe walifika mbele ya Mfalme Edward wa Nne na baraza lake wakiwa na hati. Walionyesha hati za kale za kupewa ardhi, sadaka za wahenga wao kwa watawa wa Bromholm, na magombo ya baraza yaliyodai kuonyesha kwamba wao ndio waliokuwa mabwana wa watwana tangu enzi isiyokumbukwa. Walitaja pia mhenga aitwaye Wulstan aliyekuja kutoka Ufaransa. Mfalme akatangaza kwamba Wapaston ni waungwana wa damu yenye heshima tangu ushindi wa Wanormani, yaani tangu 1066.

Nadhani msomaji wa Pwani ameshatabasamu. Nasaba inayovuka bahari twaifahamu. Tarehe ya Kilwa inasimulia masultani waliotoka Shiraz, na wanahistoria wamejadili kwa muda mrefu ni kiasi gani cha habari hiyo ni safari ya kweli na ni kiasi gani ni dai la heshima. Wulstan wa Ufaransa ni ndugu yao kwa kazi anayoifanya katika hadithi, kwa maana anaipeleka asili mahali ambapo jirani hawezi kwenda kuuliza.

Basi ni ipi iliyo kweli, karatasi ya adui au tamko la mfalme? Kama ni damu, sina shaka kwamba Clement na plau yake wako karibu zaidi na ukweli kuliko Wulstan. Kama ni sheria, mfalme alimaliza mambo. Tangu siku ile Wapaston walikuwa waungwana kwa sababu hati ilisema hivyo.

Binti na msimamizi

Ungwana uliopatikana kwa shida hulindwa kwa ukali, na aliyeulipia mara nyingi ni mwanamke. Mwaka 1469 ilijulikana kwamba Margery, binti wa John na Margaret, amefunga ndoa kwa siri na Richard Calle, msimamizi wa mashamba ya familia. Kalamu ya Calle ndiyo iliyoandika sehemu nzuri ya hesabu na barua za familia, lakini watu wake walikuwa wauza duka. Kwa sheria ya kanisa, maneno ya ahadi waliyoambiana wawili hao yalitosha kuwa ndoa. Askofu wa Norwich alimwita Margery na kumhoji kila mmoja peke yake juu ya maneno hasa waliyotamka. Margery alijibu kwamba kama maneno hayo hayakutosha, yuko tayari kuyatia nguvu zaidi. Askofu hakuweza kuivunja ndoa. Mama yake aliamuru asifunguliwe mlango.

Mwaka huo huo Duke wa Norfolk aliizingira Caister kwa silaha, na mnamo mwisho wa Septemba ngome ikasalimu amri. Familia iliipata kwa kudumu mwaka 1476, baada ya Duke huyo kufa. Ardhi nyingine za Fastolf, kwa mapatano ya mwaka 1470, zilikwenda Chuo cha Magdalen, Oxford, na hati zake zimo humo hadi leo.

Margery je? Barua za mama yake zinatuacha mlangoni, mlango umefungwa. Lakini Margaret aliandika wasia mwaka 1482, na ndani yake kuna pauni 20 kwa John Calle, mtoto wa Margery. Mstari huo mmoja katika hati ya mahakama unatuambia jambo ambalo barua zilizobaki hazikutuambia. Bibi alimtambua mjukuu.

Lugha za hati

Kwa sisi walimu wa lugha, safari hii ina faida ya pekee. Mtafiti wa familia ya Kiingereza hukuta lugha tatu. Gombo ni la Kilatini. Istilahi za wanasheria zimejaa Kifaransa cha mahakamani. Barua na maombi ya karne ya 15 ni ya Kiingereza. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria ya kutaka kesi zisemwe kwa Kiingereza, lakini iliagiza ziandikwe kwa Kilatini, na Kilatini hakikuondolewa kwa kudumu katika magombo hadi 1733. Mkulima alisema kwa lugha yake, karani akaandika kwa lugha nyingine, na aliyeshinda ni yule aliyekuwa na mtu wa kumsomea. Nani kati yetu hajaona jambo hilo katika mahakama zetu, ambapo mzee anasema kwa lugha ya mama, mkalimani anasema lake, na hukumu inatoka kwa Kiingereza?

Tarehe nazo zina mitego. Hati nyingi hutaja mwaka wa utawala. Uvamizi wa Gresham wa Januari 1450 uko katika mwaka wa 28 wa Mfalme Henry wa Sita. Isitoshe, hadi 1752 mwaka mpya wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Januari yetu ya 1450 kwao ilikuwa bado 1449. Asiyejua hilo atamzika mtu kabla hajaoa.

Hitimisho

Ukoo wa Paston uliendelea kupanda hadi ukapewa cheo cha Earl wa Yarmouth mwaka 1679, ukakatika na Earl wa pili aliyefariki mwaka 1732 na madeni mengi. Karatasi zake ziliuzwa, na John Fenn alianza kuzichapisha mwaka 1787. Nyingi sasa ziko katika Maktaba ya Uingereza, London.

Nirudi kwenye swali la darasani. Yule binti wa nyuma alikuwa sahihi. Kabla neno muungwana halijawa la tabia njema, lilikuwa la hadhi. Lilimtaja mtu huru, kinyume cha mtumwa. Nalo lilikuwa neno la kugombewa. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pwani kuja kwetu bara, wapagazi na walinzi walijiita waungwana, ingawa miongoni mwao walikuwamo watumwa na wana wa watumwa. Walijiita hivyo mpaka Kiswahili chao huko mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana. Hawakuwa na mfalme wa kuwapa tamko, ila walikuwa na lugha. Wapaston walifanya jambo lile lile kwa ngozi na wino. Kwa hiyo nashauri tuandike waungwana wenye ardhi, na tusione haya.

Kwa wanafunzi nina zoezi. Mkienda nyumbani likizo, waombeni wazee wawaonyesheni karatasi za ukoo: hati ya ardhi, risiti ya kodi, hukumu ya baraza, wasia. Hapa Uganda, familia nyingine zina hati za mailo zenye mizizi katika Mkataba wa 1900, nyingine zina kipande kimoja tu kilichosainiwa kwa dole gumba. Andikeni ni nani aliyeandika, kwa lugha gani, mbele ya nani, na ni jirani yupi angeieleza habari hiyo kwa namna nyingine. Msizichukue karatasi hizo. Zinakilini kwa mkono na kuzirudisha zilikotoka.

Oktoba 1466, miezi michache baada ya kuwa mjane, Margaret Paston alimwandikia mwanawe mkubwa azilinde hati zake, kwani baba yake wakati wa taabu alizithamini kuliko mali yoyote ya kuhamishika, na zikipotea hatapata nyingine kama hizo. Hakuwa akiwaza wanahistoria. Alikuwa akiwaza majira ya baridi yaliyo mbele, maadui waliokuwa bado hai, na paa la juu ya vichwa vya watoto wake.